Kabla Zege Halijamwagwa

Zege likishamwagwa, nondo hazionekani tena. Slabu ikikauka na vigae vikapangwa juu yake, mwenye nyumba, mpangaji na mtoto anayecheza sebuleni wote wanabaki kuamini tu kwamba kilichomo ndani ndicho kilichochorwa kwenye ramani. Mtu wa mwisho kuiona nondo kwa niaba yao ni mkaguzi kutoka ofisi ya mhandisi wa halmashauri, kama alifika kwa wakati. Nimewatazama watu hawa kazini Dar es Salaam kwa miaka mingi, kwenye majengo, kwenye mitaro na kwenye barabara za mitaa, na ninawaheshimu kwa jambo moja kuliko mengine yote: wanajua kufika kabla kitu hakijafukiwa, na wakifika wanajua pa kutazama.

Chukua asubuhi ya kumwaga slabu ya ghorofa. Mbao zimeshapigwa, mirunda imesimama chini yake, nondo zimetandazwa na kufungwa kwa waya. Vibarua wapo tangu alfajiri na dereva wa gari la zege ameshapiga simu kwamba yuko kwenye foleni ya Barabara ya Mandela. Mkaguzi anapanda ngazi ya mbao na ramani kwapani, futi mfukoni. Kitu cha kwanza anachokitafuta ni kidogo sana: biskuti, yaani vile vitofali vidogo vya saruji vinavyowekwa chini ya nondo ili zisilale juu ya mbao. Biskuti zikikosekana, nondo inakaa chini kabisa, na siku mbao zikibanduliwa utaiona ikichungulia darini. Hewa ya chumvi ya Pwani haina haraka. Inapenya kidogo kidogo, nondo inashika kutu, kutu inavimba, na zege linaanza kumeguka vipande vipande juu ya vichwa vya watu. Sentimita mbili na nusu za zege chini ya nondo za slabu, na tano hivi kwenye msingi unaogusana na udongo, ndizo zinazoamua kama jengo litazeeka vizuri.

Halafu anahesabu. Ramani ikisema nondo za milimita 12 zipangwe kila baada ya sentimita 15, hapimi nafasi moja moja. Analaza futi na kupima nafasi kumi kwa mpigo, kwa sababu uzembe mdogo hujificha kwenye nafasi moja na kujitokeza kwenye kumi. Anatazama nondo zinapoungana, kama zimepishana vya kutosha, kwani nondo ya 12 inataka nusu mita au zaidi. Anachuchumaa kwenye shina la nguzo na kuangalia ringi, hasa karibu na bimu, ambako zinatakiwa zisogeleane na ambako fundi aliyechoka huzipunguza.

Akifika kwenye roshani anasimama zaidi. Roshani isiyo na nguzo mbele hujikunja kuelekea chini, kwa hiyo upande wake unaovutika ni wa juu, na nondo kuu zinatakiwa ziwe juu. Fundi aliyezoea slabu za vyumbani huziweka chini bila kufikiri. Hata aliyeziweka mahali pake, vibarua wakizikanyaga wakati wa kumwaga zege zinashuka, na hakuna atakayejua mpaka siku familia itakapotoka nje kupunga upepo. Mkaguzi mzoefu huzikanyaga mwenyewe kwanza. Zikibonyea chini ya buti lake, anaagiza viti vya nondo vya kuzishikilia viongezwe hapo hapo.

Yote haya anayafanya mkandarasi akiwa nyuma yake anatazama saa. Na hapa ndipo tabia ya mtu inapokuwa sehemu ya ujuzi wake. Wapo wakaguzi wanaoandika barua ya kusimamisha kazi, wakaingia garini na kuondoka. Niliowapenda mimi ni wale wanaosema, "Fundi, ongeza ringi tatu hapa, na pale ondoa hayo maranda. Nusu saa inatosha. Nipo." Kisha wanabaki kweli, juani, mpaka ringi ya tatu ifungwe, ndipo wanasaini kitabu cha maelekezo. Kubaki huko ni huduma kubwa. Mkandarasi hapotezi siku, mwenye nyumba hapotezi nondo.

Zege nalo lina mtihani wake, rahisi kiasi kwamba kila mwenye jengo angeweza kuusimamia. Koni ya chuma ya urefu wa milimita 300 inawekwa juu ya bamba na kujazwa kwa tabaka tatu, kila tabaka likichomwa mara 25 kwa fimbo ya chuma. Koni inanyanyuliwa wima, polepole, na zege linashuka. Unapima limeshuka kiasi gani. Likishuka kupita ilivyopangwa, kuna mtu ameongeza maji. Kishawishi chenyewe kinaeleweka: zege jepesi linasukumika bila kuumiza mgongo, na kijana aliyebeba ndoo tangu asubuhi ana haki ya kulitamani. Lakini maji yaliyozidi mahitaji ya saruji hukauka na kuacha vitundu, na vitundu hivyo vinakula nguvu ya zege.

Kutoka kwenye zege hilo hilo wanajaza maboksi ya chuma yenye milimita 150 kila upande. Siku ya pili michemraba inatolewa, inazamishwa majini, na baadaye inapelekwa maabara kupasuliwa, mingine siku ya 7, mingine siku ya 28. Zege la daraja la 25 linatakiwa kubeba nyutoni 25 kwa kila milimita ya mraba. Maana yake mchemraba mmoja tu, ambao mtu mzima anaweza kuukumbatia, unabebeshwa zaidi ya tani 50 kabla haujapasuka. Ninachokistahi zaidi katika zoezi hili ni kalamu. Tarehe, daraja la zege, namba ya nguzo. Mchemraba ambao haujulikani ulitoka sehemu gani ya jengo hausaidii chochote hata mashine ya kuupasua iwe bora namna gani.

Ijumaa Kuu, Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024 ghorofa jingine likaanguka Kariakoo, asubuhi ya biashara, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Baada ya msiba kila mtu anauliza nani alikagua. Ni swali halali, na ningetamani liulizwe mapema zaidi, mirunda ikiwa bado imesimama.

Wakazi wengi hawakutani na ofisi ya mhandisi kwenye slabu. Wanakutana nayo wakiwa na malalamiko mkononi. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Barabara za mitaa na mitaro yake ziko chini ya TARURA tangu wakala huo uanze mwaka 2017. Vibali vya majengo viko halmashauri. Mabomba ni ya DAWASA. Mama aliyeamka na maji chumbani hana haja ya kuubeba mgawanyo huo kichwani. Afisa anayejua kazi yake hamwambii "siyo hapa" na kuishia hapo. Anauliza ni mtaa gani, anaandika, anapiga simu kwa mwenzake wa ofisi ya pili, na kumtaja kwa jina mtu atakayempokea.

Sasa niseme habari ya mitaro, maana ufundi wa mtaro ndio ninaoupenda kuliko wote.

Dar es Salaam inateremka kutoka vilima vya Pugu hadi Bahari ya Hindi, na karibu na bahari ardhi inalala. Maji yakifika Jangwani au Mikocheni hayana tena mteremko wa kuyaharakisha. Mhandisi anatakiwa auumbe mteremko huo mwenyewe ndani ya ardhi tambarare. Kwa mteremko wa 1 kwa 200, mtaro unashuka sentimita 5 tu katika kila mita 10. Ukitembea juu yake huwezi kuhisi kitu, na jicho halifai, kwani hudanganywa na ukuta wa jirani uliojengwa kombo na barabara inayopanda kidogo. Kwa hiyo leveli inasimamishwa juu ya miguu yake mitatu, kiputo kinarudishwa katikati, na msaidizi anashika ubao mrefu wenye namba. Wanasoma kwanza mahali ambapo kimo chake kinajulikana, pengine kona ya daraja iliyopigwa rangi, na kuanzia hapo kazi yote ni kujumlisha na kutoa. Sakafu ya mtaro ikianza kwenye mita 8.50, mita 60 mbele iwe 8.20. Kigingi kinapigwa, na juu ya kigingi msumari, na mwashi anajua pa kulaza jiwe.

Mahali ambapo leveli haipo, mafundi hutumia mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliojaa maji. Ncha moja kwenye alama, ncha nyingine kwenye kigingi kipya. Maji ya ncha zote mbili hukaa kimo kimoja hata kama kati yake kuna kona na ukuta. Wanachokiogopa ni kipovu cha hewa, ndiyo maana utamwona fundi akiugonga mpira kwa kidole urefu wake wote kabla hajaanza. Nimeona mtaro wa mtaa mzima ukinyooshwa kwa mpira huo, na masika ilipokuja ukapitisha maji bila kutuama.

Mtaro uliokosewa haujifichi. Kalavati chini ya barabara likilazwa sentimita 10 juu ya sakafu ya mtaro unaoliendea, maji yatasimama nyuma yake mwaka mzima, taka zitanasa, mbu watazaliana, na wakazi watalaumiwa kwa kutupa uchafu. Mara nyingine wakazi wana makosa kweli. Mara nyingine kosa ni la zile sentimita 10, na mhandisi mwaminifu huzipima kwanza kabla ya kutoa hotuba ya usafi.

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na familia nyingi za bonde la Msimbazi zikahamishiwa Mabwepande. Moja ya mambo yaliyoonekana baadaye ni jinsi ramani za ofisini zilivyokuwa na upungufu. Kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria ukawatoa wanafunzi wa vyuo, wakiwemo wa Chuo Kikuu Ardhi, wakashirikiana na wakazi kuchora kata zinazofurika: vichochoro, nyumba, mitaro, na mahali maji yanapofika. Ninaipenda kazi ile kwa sababu ilikiri kwamba mkazi ana kipimo chake. Mhandisi mzuri anaijua njia ya kukichukua. Anaketi kibarazani na kuuliza, "Shikamoo bibi. Yale maji ya mwaka ule yalifika wapi hapa kwako?" Bibi haelezi. Anainuka, anakwenda ukutani, anaweka kiganja. "Hapa, mwanangu." Mhandisi anapima kutoka sakafuni hadi kwenye kiganja, anaandika, anahamia nyumba ya pili. Viganja vya nyumba ishirini, vikiunganishwa na vimo vya leveli, vinampa uso wa maji ya siku ile, mteremko wake wote. Kutoka hapo anaweza kusema kalavati liwe la upana gani.

Huduma nyingine isiyosifiwa ni kusimamia udongo unaorudishwa shimoni. Barabara ya mtaa inakatwa kupitisha bomba. Bomba linalazwa, shimo linafukiwa, gari la kushindilia linapita juu mara mbili, uso unalainika, kila mtu anaondoka. Masika ya kwanza panadidimia, bajaji zinapinda ekseli, na bomba lenyewe linapasuka. Sababu ni kwamba udongo ulimwagwa kina cha mita nzima kwa mkupuo, na uzito wa mashine haukufika chini. Ulitakiwa urudishwe tabaka kwa tabaka, sentimita 15 hivi kila moja, na kila tabaka lishindiliwe.

Namna ya kulihakiki tabaka inanifurahisha kila ninapoiona. Wanachimba kishimo kidogo, wanakusanya udongo wake wote, hata ule unaotolewa kwa brashi, na kuupima uzito. Kisha wanakijaza kishimo kwa mchanga mkavu ambao ujazo na uzito wake unajulikana. Mchanga uliotumika unasema kishimo kilikuwa na ukubwa gani. Uzito wa udongo, ukitolewa maji yake, unasema ulishindiliwa kiasi gani. Kwenye barabara mara nyingi hutakiwa asilimia 95 au zaidi ya kiwango kilichopatikana maabara. Ikitoka 88, tabaka linafumuliwa.

Kiwango hicho cha maabara kinaitwa Proctor, na Ralph Proctor alikuwa mhandisi wa idara ya maji ya jiji la Los Angeles. Mwaka 1933 alichapisha makala zilizoonyesha kwamba kila udongo una kiasi chake cha maji kinachoufanya ushikamane vizuri kabisa: ukiwa mkavu mno punje zinakataa kusogeleana, ukiwa umelowa mno maji yanashika nafasi ya punje. Leo kijana mwenye ndoo na mizani kwenye kichochoro cha Mbagala anapima kwa kiwango kilichoanza katika ofisi ya jiji. Kabla ya Proctor, London, Joseph Bazalgette na wasaidizi wake walipojenga mifereji mikuu ya majitaka baada ya uvundo wa kiangazi cha 1858, walitaka saruji ijaribiwe nguvu kabla haijaruhusiwa kutumika. Makandarasi wa enzi hizo hawakuzoea kufuatwa namna hiyo. Matofali yale bado yako chini ya London na mifereji bado inafanya kazi.

Wengi huwaona mkandarasi na ofisi ya mhandisi kuwa maadui. Kwa nilivyoona, mkandarasi mwaminifu ndiye anayeuhitaji ukaguzi kuliko mtu mwingine. Kwenye zabuni, aliyepanga kupunguza saruji anaweza kutaja bei ndogo. Ukaguzi ukilegea, yeye ndiye atakayeshinda kila mwaka, na aliyepiga hesabu ya mifuko yote atafunga kampuni. Bodi ya Usajili wa Makandarasi inawagawa kwa madaraja saba, na kijana wa daraja la saba mwenye zabuni yake ya kwanza ya mtaro wa mita 300 mara nyingi anajifunzia mikononi mwa mhandisi wa mtaa. Anafundishwa kupima kazi pamoja: huyu ameshika ncha hii ya futi kamba, yule ile, wote wanaandika namba moja na kusaini karatasi moja. Hapo ugomvi wa malipo unakosa pa kuanzia.

Kisha hati ya malipo inatakiwa itembee. Ikilala mezani wiki tatu, vibarua wanakaa wiki tatu bila mshahara, na mkandarasi anaanza kukopa saruji kwa bei mbaya. Mhandisi anayekataa kazi mbovu Jumatatu na kusaini malipo ya kazi nzuri Jumanne anastahili sifa kwa yote mawili, na mimi naona la pili ni gumu zaidi, kwa kuwa halina wa kulishangilia. Baada ya kazi kukamilika huja kipindi cha matazamio, mara nyingi mwaka mmoja, na hekima ya mwaka huo ni kwamba lazima masika ipite ndani yake. Mhandisi anarudi na orodha, mvua ikiwa imeshamfanyia sehemu ya ukaguzi.

Nyumba nyingi za jiji hili, hata hivyo, hazina mkandarasi wala mhandisi. Zimejengwa na mwenyewe na fundi wake, mfuko kwa mfuko, kwa mshahara na kikoba. Kwa watu hawa meza ya vibali ndiyo ofisi yote ya uhandisi. Nimeona maafisa wanaoichukulia meza ile kama mahali pa kugonga mihuri. Nimeona pia mmoja akiigeuza ramani ya nyumba ya vyumba vitatu, akachukua penseli na kumwonyesha baba mwenye kiwanja kwamba ukuta wake umeingia hifadhi ya barabara, kwamba shimo la choo liko karibu mno na kisima, na kwamba ngazi itamgonga kichwa kila mtu mrefu. Wakazi wa jiji hili wanaijua ile X nyekundu inayochorwa ukutani nyumba ikiwa imeshaezekwa. Mstari wa penseli, uliochorwa kabla tofali la kwanza halijanunuliwa, ungeziokoa nyingi kati ya nyumba hizo.

Kama unajenga mwaka huu, nenda halmashauri yako na ramani mapema, ukae na mtu wa vibali mpaka uelewe alichokiandika. Hakikisha ubao wa mradi unaonyesha majina ya wanaohusika. Siku nondo zikifungwa, piga simu ofisini kabla hujaagiza gari la zege, na umwombe mkaguzi afike. Akisema ongeza ringi tatu, ziongeze. Na kama mtaani kwako kuna mtaro unaochimbwa, toka nje ukamweleze mhandisi maji yalifika wapi.